Bamia za Kasereka

Kasereka alikuwa amepita miaka hamsini alipovuka mpaka kutoka Butembo, Kongo, na begi moja na cheti chake cha ufundi wa dawa. Alipanga chumba Bwera, upande wa Uganda. Mkewe alikuwa amefariki zamani, na mwanawe wa pekee, David, alikuwa amebaki Kongo, upande wa Beni, simu yake ikiita bila kupokelewa.

Kazi aliipata Kasese, kwenye maabara ya vyumba viwili ya mfamasia mmoja mwanamke, Naswiba. Naswiba alisumbuliwa na dawa moja ya minyoo isiyotaka maji. Ukiitia kwenye glasi, unga wake unaelea juu kama vumbi. Mgonjwa anaimeza, na sehemu kubwa inatoka mwilini jinsi ilivyoingia. Naswiba aliamini kwamba ute wa bamia, ukikaushwa na kusagwa pamoja na dawa hiyo, ungeshika kila chembe na kuifanya ikubali maji.

Basi kila Ijumaa asubuhi Kasereka alipitia soko la Mpondwe, pale mpakani, kununua bamia kwa muuzaji mmoja, Feresita, kilo tano tano, kabla ya kupanda gari la Kasese. Wiki ya tatu Feresita alicheka.

"Muzee, bamia yote hii! Batoto beko ngapi kwako?"

Angeweza kusema ukweli. Lakini wiki nzima hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza jambo lisilo la kazi.

"Beko sita," alisema.

Tangu siku hiyo Feresita alimwongezea konzi moja juu ya mizani, na akawa anauliza hali ya watoto. Kasereka akajikuta akiwapa majina. Blandine, anayependa hesabu. Bénit, kitinda mimba, mwenye kikohozi kisichoisha. Jioni alirudi chumbani, akapika ugali wa mtu mmoja, akaula akiwa amesimama.

Maabarani nako ute uliwatesa miezi minne. Moto ukizidi, uliungua ukawa wa kahawia. Ukipungua, uliota ukungu. Kasereka ndiye aliyesema wautandaze mwembamba kama karatasi, wauache siku mbili kwenye joto dogo. Alhamisi moja wakatia unga mpya kwenye maji ya joto la mwili, mashine ikikoroga polepole. Haukuelea. Baada ya nusu saa, dawa iliyoyeyuka ilikuwa karibu mara nne ya ile isiyochanganywa.

Naswiba alipiga kelele. Akampigia simu mumewe, kisha mama yake, kisha rafiki yake wa chuo. Kasereka naye akatoa simu yake, akajaribu namba ya David. Iliita mpaka ikakatika. Akaenda kuosha vyombo.

Kesho yake alifika sokoni mapema kuliko kawaida.

"Mama Feresita, bamia yako imefanya kazi!"

"Kazi gani?"

Akamweleza yote: ute, dawa, maji. Feresita alisikiliza, mkono ukiwa juu ya mizani.

"Kwa hiyo ninyi hamuili?"

"Hatuili. Mama, batoto hawako. Niko mimi peke yangu."

"Na Bénit?"

"Hayuko."

Feresita akaondoa mkono kwenye mizani. "Mimi nilikuwa naombea huyo mutoto kanisani. Kila Jumapili."

"Unisamehe, mama."

"Kilo tano?"

"Tano."

Alipima tano kamili, akafunga mfuko, akamgeukia mteja mwingine.

Ijumaa zilizofuata Feresita alimpokea kama anavyompokea mtu yeyote. Salamu, mizani, asante. Naswiba alitaka jaribio lirudiwe mara tatu kabla hajamwandikia yeyote kuhusu matokeo, kwa hiyo bamia zilihitajika bado. Naswiba alipotoka kwenda kula mchana, Kasereka alibaki maabarani akizikatakata, ute ukimnata vidoleni, akishukuru kwamba mikono ilikuwa na la kufanya.