Sura ya Tano, Rebero

Sura ya tano ya tasnifu yangu ilihusu haki ya mkimbizi kurudishiwa nyumba yake, na niliiandika nikiwa nimekaa kwenye nyumba ya mtu. Siku hizi nikisimulia hivyo watu hucheka. Mwishoni mwa mwaka 1994 hakuna aliyecheka, na mimi nilichelewa hata kuona kwamba kuna jambo.

Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili ya uhusiano wa kimataifa, Dar es Salaam. Nilizaliwa Mwanza, wazazi wangu wakimbizi wa Rwanda, na nchi yenyewe nilikuwa naijua kwa hadithi za shangazi yangu tu. Shangazi ni muuza vitenge, mwenye mdomo usiojua likizo. Vita ilipokwisha mwezi wa Julai, alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuvuka mpaka. Mimi nilimfuata Septemba, taipureta yangu nikiwa nimeitumbukiza kwenye gunia la maharage isije ikaharibika njiani. Msimamizi wangu alikuwa amenipa vidonge vyangu kabla sijaondoka: sura ya tano impate kabla ya Krismasi, la sivyo nafasi yangu chuoni imekwisha. Nilikuwa nimeshaongezewa muda, na hakuna tena wa kuniombea.

Shangazi alikuwa amepata nyumba Rebero, kilima kimoja cha Kigali. "Kupata" ndilo neno lililotumika Kigali nzima. Nyumba nyingi zilikuwa tupu, na watu waliokuwa wakirudi kutoka Uganda, Burundi na Tanzania hawakuwa na pa kulala. Basi mtu aliingia, akafagia, akaandika jina lake mlangoni kwa mkaa. La shangazi lilisomeka tangu barabarani. Umeme hakuna, maji tunateka bondeni, lakini katika chumba cha nyuma kulikuwa na meza ndogo iliyochorwachorwa kwa ncha za kalamu, na kimo chake kilinifaa. Nikaweka taipureta yangu juu yake na kuanza kazi. Nilifurahi sana kupata meza ile, na sikujiuliza ni nani alikuwa akiichora.

Alasiri moja ya Oktoba mwanamke alibisha hodi getini. Alikuwa wa makamo, amevaa sweta ya kiume, mikono mitupu. Alizungumza na shangazi Kinyarwanda, kwa sauti ya chini, nami nikadaka neno moja hapa na jingine pale, kwa sababu Kinyarwanda changu cha Mwanza kilikuwa cha kuombea chumvi tu. Aliponiona nimetoa macho, akanigeukia kwa Kiswahili alichokiokota katika miaka mingi ya kufanya biashara na watu wa Zaire.

"Mimi iko mwenyewe wa hii nyumba," akasema. "Sikuja kugomba. Nakuja kuangaria tu."

Akapita chumba hadi chumba, sisi tunamfuata kama wageni wanaoonyeshwa nyumba. Kwenye chumba cha nyuma alisimama. Akaitazama taipureta, akaitazama meza. Kisha akaishika meza pande mbili, na taipureta juu yake, akaivuta mpaka chini ya dirisha.

"Ilikuwaka hapa," akaniambia. "Batoto banapenda mwanga."

Hakukaa. Alisema analala Masaka, nje kidogo ya mji, kwa mtu anayemfahamu, na kwamba atapita tena Jumapili, akaondoka kwa miguu. Ndipo shangazi aliponieleza yale niliyoshindwa kuyadaka: kwamba mwezi wa Aprili mume wake na watoto wao watatu waliuawa, na katika nyumba nzima alisalia yeye peke yake.

Nilishikwa na aibu, na aibu yangu kwa kawaida hutoka ikiwa hasira. Nikamgeukia shangazi. Nikamwambia lazima tutoke. Nikamsomea mikataba ya Geneva, nikamtajia vifungu, nikamwambia haki ya mtu juu ya nyumba yake haifi kwa sababu amekimbia.

"Sisi tumengoja miaka thelathini," shangazi akajibu. "Baba yako amezikwa ugenini. Mimi leo nimepata paa, wewe unataka nikalale wapi, kwenye kifungu?"

"Si yako, shangazi."

"Hayo ya Geneva wapelekee Geneva!"

Tukanuniana hadi jioni. Lakini asubuhi nilipotoka kupiga mswaki, nilimkuta amepiga magoti mlangoni na kitambaa kilicholowa, anafuta jina lake. Mkaa ule ulikuwa mgumu kutoka. Ningemsifu angenirushia kitambaa. Nikaenda kumtekea maji mengine.

Kama ningeishia kwenye maji yale, ningekuwa nimefanya la maana. Lakini nilikuwa msomi wa uhusiano wa kimataifa, na sikuweza kuacha nyumba ibadilishe mikono bila hati. Nikaketi nikapiga taipu makubaliano ya kukabidhi nyumba. Yalikuwa na utangulizi: "Kwa kuzingatia kwamba…" na "Kwa kutambua kwamba…" Yalikuwa na vifungu juu ya funguo, juu ya kioo cha dirisha kilichovunjika, juu ya nani atayafafanua makubaliano ukitokea mgogoro. Nilijiona nimeumaliza mgogoro mzima peke yangu. Tungelala wapi sikujua. Sura ningeimalizia wapi, nako sikujua, na Krismasi ilikuwa inakuja. Nilijikaza kisabuni, nikijiambia kwamba haki ina gharama yake.

Jumapili mwanamke yule alirudi. Mizigo yetu ilikuwa getini tayari, taipureta imerudi kwenye gunia lake. Nikamsomea hati yote pale nje, nimesimama wima, shangazi kanuna pembeni. Nilipomaliza nikampa funguo kwa mikono miwili na kungoja shukrani.

Aliziangalia zile funguo. "Sasa munaenda wapi?"

"Tutatafuta, mama. Usijali. Nyumba ni yako."

Akageuka kuutazama mlango uliokuwa wazi. Kisha akakaa chini, juu ya robota la vitenge vya shangazi.

"Niritaka nyumba, mumenipa nyumba. Aksanti," akasema. "Rakini humu ndani nitarara na nani?"

Niliitupia macho karatasi yangu tena. Vifungu vyote vile, na hakuna hata kimoja kilichofikiria hilo. Tulikuwa tumegombana na kununiana juu ya anachotaka, na hakuna aliyemuuliza. Mimi nilikuwa naelekea kumfungulia mlango wa nyumba ile, nimwingize humo peke yake, kisha niondoke nikijipongeza.

Aliyejua la kufanya ni shangazi. Alimwinua kwa kumshika mkono, akajitwika robota lake kichwani, akaanza kurudi ndani. Alipofika kizingitini akamwambia, kwa Kiswahili ili na mimi nisikie, "Njoo utuonyeshe jiko lako lilikuwa wapi. Hapa tunapopikia panatoa moshi, na huyu msomi wako anakohoa usiku kucha."

Basi tukakaa watatu. Yeye alichukua chumba chake cha mbele, shangazi na mimi tukalala pamoja. Kuhusu chumba cha nyuma alikata maneno mwenyewe: niendelee kuandika pale. "Meza haifai kukaa bule," akasema. Asubuhi yeye na shangazi walikwenda mjini kuuza vitenge. Kumbe naye alikuwa muuza vitenge wa siku nyingi, na alimfundisha shangazi bei za Kigali na kumcheka uchaguzi wake wa rangi. Waligombana juu ya chumvi, juu ya ugali, juu ya namna ya kukunja nguo. Kicheko chake nilikisikia mara ya kwanza siku nilipojaribu kumsalimia jirani kwa Kinyarwanda. Alicheka hadi akashika ukuta, na mimi, ambaye sipendi kuchekwa, niliomba kimoyomoyo aendelee.

Usiku hakuweza kulala. Alasiri alijaribu, na hapo ndipo taipureta yangu ilipopata kazi nyingine. Siku moja alinijia mlangoni akaniambia, "Piga hiyo mashine. Usiache. Nikisikia, najua mutu iko." Akaenda kujilaza. Nikapiga. Nilipofika mahali pagumu nikanyamaza ili nifikiri, na mara sauti ikatoka chumba cha mbele: "Umekwama?"

"Hapana, mama, nafikiri tu."

"Fikiri na vidole."

Hivyo ndivyo sura ya tano ilivyoandikwa. Sikuthubutu kunyamaza. Nilipokosa hoja nilipiga tanbihi, nilipokosa tanbihi nilinakili mikataba neno kwa neno, na ndiyo maana sura ile ina viambatisho virefu kuliko sura yenyewe. Miaka miwili Dar nilikuwa nimekaa na kusubiri fikra zinijie. Rebero nilijifunza kuandika kwanza, nione baadaye nimefikiri nini. Nilizifuta kurasa zangu za zamani zilizosema kwamba urejeshaji hukamilika mwenye mali akikabidhiwa ufunguo. Nilipomuuliza yeye anaonaje, alijibu, "Mlango nimefungua. Rakini bado sijaingia." Niliyaweka maneno hayo katikati ya ukurasa, bila kuyafafanua. Mpaka leo namshukuru kwa hayo, na kwa meza, na kwa usingizi wake wa alasiri ambao ulinifanya mwandishi. Yeye alidhani ni mimi niliyemsaidia.

Desemba ulibaki ukurasa wa shukrani. Ulikuwa wa Kiingereza, kwa hiyo nikamtafsiria: Profesa fulani, msimamizi wangu, Daktari fulani, Daktari mwingine. Kisha jina lake yeye.

"Yangu toa," akasema. "Weka ya batoto. Nyumba iko yao pia."

Nikaliondoa. Nikaandika kwamba nawashukuru wenye meza niliyoandikia, na nikamwomba anitajie majina. Alipokuwa ananitajia alikuwa anaangalia mistari ya juu.

"Hawa bote iko na cheo mbere ya jina," akasema. "Na bangu uweke."

"Cheo gani, mama?"

"Bako shureni. Mukubwa, darasa ya sita. Wa katikati, ya ine. Mudogo, ya kwanza."

Nikapiga herufi moja moja, yeye kasimama nyuma yangu na mkono begani kwangu: mwanafunzi wa darasa la sita, na jina, wa darasa la nne, na jina, wa darasa la kwanza, na jina. Aliniomba nimsomee tena. Nikamsomea.

Kazi nilimpa dereva wa lori aliyekuwa anashuka Dar, nayo ikafika kabla ya Krismasi. Rasimu iliporudi ilikuwa imejaa wino mwekundu toka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu msimamizi wangu hakuwa mtu wa kumwonea mtu huruma. Kwenye ukurasa wa shukrani hakuandika neno. Alichora mshale mmoja tu, kutoka kwenye ile mistari mitatu ya mwisho, ukipanda hadi juu ya jina lake mwenyewe.