Mpishi Tuliyemwokoa Winson Green

Nikisikia harufu ya poda ya watoto, narudi ughaibuni, mtaa wa Winson Green, chumbani kwa Madamu. Alikuwa Mfaransa, mtunzi wa riwaya za kihistoria: vitabu kumi na vinne, nilivihesabu mara mbili. Mama, aliyeajiriwa kutunza wazee, alikwenda kumwogesha na kumvalisha soksi kila Jumamosi, nami nilipelekwa kwa sababu hakukuwa na wa kuniangalia.

Cha kumi na tano alikiandika polepole kama foleni ya hospitali. Kilimhusu mwana wa mfalme aliyezingirwa ngomeni pamoja na mpishi wake. Kila nilipofika, Madamu alinisimulia kwa Kiingereza yaliyotokea ngomeni wiki hiyo. Siku moja akasema sura ya mwisho wote wawili watanyongwa.

"Mwana wa mfalme mwachilie, Madamu."

"Siwezi. Historia ilimuua kitambo, mimi naandika tu."

"Na mpishi?"

"Mpishi nimemtunga mwenyewe. Kuhusu huyo tunaweza kuzungumza."

Kumbe soko limefunguliwa! Nilianzia juu: mpishi atoke mzima, tena na farasi. Farasi, Madamu akakataa. Sawa, atembee. Akataka mpishi alipe sikio moja. Nikampa kidole, cha mkono wa kushoto.

Mama, sifongo mkononi, akaguna: "Wewe mtoto, ungezaliwa sokoni Gikomba tungekuwa matajiri. Hebu mwache Madamu apumzike." Lakini Madamu alikuwa akicheka, na kwa hesabu zangu kilikuwa kicheko cha kwanza.

Alifariki kabla ya Pasaka. Mama alikunja taulo, tukapanda basi. Niwaambie ukweli, sikulia. Sikuhisi kitu, ila baridi ya kioo cha dirisha shavuni.

Kitabu kilitoka baadaye. Mwaka jana nilikinunua, na kwa kuwa Kifaransa sikijui, nikampelekea Papa Bahati, Mkongomani tunayesali naye kanisani Perry Barr. Akafungua sura ya mwisho, akaifuata kwa kidole mstari kwa mstari.

"Iko muzima, dada. Kidole kimoja tu ndiyo walikata."

Mpishi alitembea hadi mji wa kigeni, akazeekea huko. Hakuna aliyejua lugha yake wala alichowahi kupika. Asubuhi, watu wasiomjua walimvalisha soksi.

Nikamwomba Papa Bahati arudie. Uhai wa yule mtu niliupigania bei mpaka mwisho. Kwamba baada ya hapo angelazimika kuuishi, sikuuliza. Na Madamu, aliyekuwa akiyajua vizuri maisha hayo, aliniuzia bila kusema neno.