Mchuma Chai Aliyefufua Nyimbo Zake kwa Dakika Kumi na Tano

Saa moja na nusu asubuhi, umande bado haujakauka juu ya chai. Rebeccah Chepchirchir yuko katikati ya mstari wake, aproni ya plastiki kiunoni, kikapu mgongoni. Mikono yake miwili inakwenda pamoja: majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Kiganja kikijaa, majani yanarushwa juu ya bega.

Midomo yake pia iko kazini. Anaimba mstari mmoja kwa sauti ya chini, ananyamaza, kisha anaurudia akiwa amebadilisha neno. Jirani yake wa mstari wa pili anaudaka na kuurudisha.

"Hapo kwa 'nitangoja' usipande," Rebeccah anamwambia bila kuinua macho. "Shuka. Mtu anayengoja hapigi kelele."

Wimbo huo haukuwepo Jumamosi. Aliutunga jana, Jumapili alasiri, na ni wa thelathini na nane katika muda wa miezi kumi na tano. Si haba kwa mama ambaye, kabla ya hapo, alikaa miaka miwili na miezi saba bila kutunga hata ubeti mmoja.

Rebeccah, mwenye umri wa miaka 36, alizaliwa upande wa Kipkelion, katika familia ya wakulima wa mahindi. Aliacha masomo katika darasa la saba, lakini si kabla ya mwalimu mmoja kumfundisha kuandika solfa, yaani sauti za do, re, mi. Amechuma chai katika shamba hili la Kericho tangu mwaka wa 1981. Siku ya kawaida mizani humwonyesha kilo arobaini. Majani yakichipua vizuri, hufika sitini.

Jumapili yeye ndiye mtunzi wa kwaya ya kanisa dogo la mabati lililo katika nyumba za wafanyakazi. "Watu wananijua kwa hiyo kazi kuliko hii," anasema, akionyesha kikapu kwa kidevu. "Hii inalisha watoto. Ile inanifanya nitembee nikiwa nimenyoosha shingo."

Mwaka wa 1992 shingo hiyo iliinama. Vurugu za kikabila zilipozuka katika sehemu hizi, familia kumi na moja za kutoka upande wa ziwa zilifunga mizigo na kuondoka katika nyumba hizo. Kwaya iliyokuwa na waimbaji ishirini na sita ikabaki na kumi na wawili.

Miongoni mwa walioondoka alikuwa Celine Aoko, kiongozi wa sauti ya pili, ambaye mlango wake ulitazamana na wa Rebeccah kwa miaka tisa.

"Aliondoka Jumanne," Rebeccah anakumbuka. "Alikuwa na sufuria yangu. Akanirudishia ikiwa imeoshwa. Mimi nikapokea, yeye akageuka. Hatukusema kitu. Mtu mmekaa naye miaka tisa, na hakuna neno."

Tangu siku hiyo nyimbo zilikatika. Alikuwa akiketi na kalamu yake na karatasi za kalenda kuukuu, hadi chai ipoe kikombeni. "Kila nikianza mstari nasikia sauti ya pili, ile yake. Nikiangalia, hayuko. Basi naweka kalamu chini."

Lakini kwaya haikuweza kumngoja milele. Tamasha ya kwaya ya kila Agosti hudai wimbo mmoja mpya, uliotungwa na mwanakwaya mwenyewe. Miaka miwili mfululizo walipeleka wimbo wa zamani, na miaka miwili mfululizo wakawa wa mwisho. Mnamo Julai 1995 mwenyekiti wa kwaya, Bwana Kipsang, ambaye ni fundi wa mitambo kiwandani, alimwita kando.

"Mama Chebet," alimwambia, akimtaja kwa jina la binti yake wa kwanza, "tukikosa wimbo mwaka huu, itabidi tupatie mtu mwingine hiyo kazi. Si kwa ubaya."

"Hiyo 'si kwa ubaya' iliniuma kuliko matusi," anasema Rebeccah.

Habari zilimfikia Alfayo Owino, mfanyakazi wa tanuri la kiwanda na mtunzi wa kwaya nyingine, ile iliyokuwa ikishinda. Owino alimngoja kwenye mizani ya saa tisa, mvua ikinyesha, akamweleza siri. Hata yeye alikuwa amekauka. Alikuwa akikutana na Mwalimu Kepher Onsongo, mwalimu wa shule ya msingi na mtunzi, Jumapili moja baada ya nyingine katika darasa tupu huko Kedowa. Walikuwa wakilazimishana kutunga kwa muda uliopimwa na saa.

Rebeccah hakufurahi. "Nilijiuliza, niende kuonyesha wapinzani kwamba mimi sina kitu? Watarudi kunicheka." Hata hivyo, Jumapili iliyofuata alivaa viatu vyake vya kanisani, akaenda.

Kanuni za darasa lile ni chache. Mwalimu huandika neno moja ubaoni na kutega saa ya mezani dakika kumi na tano. Kengele ikilia, kalamu chini. Kila mtu anasimama na kuimba alichonacho, hata kikiwa nusu mstari. Hakuna kucheka na hakuna kusifu. Kila msikilizaji anaruhusiwa kuuliza swali moja tu.

"Ukimsifu mtunzi, anakaa kulinda kile amepata," anaeleza Mwalimu Onsongo. "Ukimwuliza swali, anatoka kwenda kutafuta."

Neno la siku hiyo lilikuwa "sufuria". Mwalimu anaapa kwamba hakujua lolote, aliiona tu kwenye rafu ya chai ya walimu. Rebeccah alilitazama ubaoni dakika kumi nzima, karatasi nyeupe mbele yake. Katika dakika tano zilizobaki aliandika mistari minne, kisha akaiimba:

Amenirudishia sufuria yangu,
ameiosha, inang'aa.
Sikumwuliza huko aendako
atapikia nini kesho.

Owino, ambaye naye alipeleka mke na watoto nyumbani mwaka ule wa vurugu na kubaki peke yake kazini, alijikuna kichwa. Kisha akatoa swali lake.

"Mama Chebet, kama ungemwuliza, angekujibu nini?"

Rebeccah alitoka, akasimama kwenye ukuta wa nje akilia. Aliporudi, Mwalimu alikuwa ameshatega saa tena.

"Andika hilo jibu," Mwalimu alimwambia. "Dakika kumi na tano."

Jibu halikuja vizuri siku ile, lakini kalamu ilikuwa imesogea. Watatu hao wakawekeana sharti kali zaidi: siku saba, nyimbo saba, kila mmoja dakika kumi na tano, bila kuruka. Owino aliandika kando ya tanuri akisubiri kuni. Rebeccah aliandika wakati wa chakula, katikati ya chai, karani wa mizani akimshikia saa.

"Wa Jumatatu ulikuwa takataka," anasema akicheka. "Wa Jumanne takataka. Jumatano niliandika juu ya buti zangu. Alhamisi nikasikia ile sauti ya pili tena, na mara hii sikuweka kalamu chini. Nikaifuata."

Wimbo wa Alhamisi unamhusu mwanamke aliyeacha nafasi kwenye benchi. Katika beti mbili za kwanza sauti ya pili hainyanyuki kabisa. Msikilizaji anahisi pengo. Inaingia katika ubeti wa tatu, polepole, kama mtu anayebisha hodi.

Agosti ile kwaya ya watu kumi na wawili ilipanda jukwaani kati ya kwaya kumi na nne. Walipomaliza, ukumbi ulipiga makofi. Walipata nafasi ya pili. Ya kwanza ilikwenda kwa Owino.

"Nilimpigia makofi mpaka mikono ikawa nyekundu," Rebeccah anasema. "Swali lake lilikuwa ndani ya wimbo wangu, na langu lilikuwa ndani ya wake. Sasa nitakasirikia nini?"

Bwana Kipsang hafichi furaha yake. "Mimi ndiye nilitaka kumtoa," anakiri. "Sasa nikipita kiwandani watu wananiita mwenyekiti wa kwaya ya Mama Chebet. Nami naitika."

Wimbo ulisafiri kwa midomo ya watu hadi upande wa ziwa. Mwezi wa Oktoba barua fupi ya Celine ilifika katika ofisi ya shamba: "Nimesikia mumeimba juu yangu. Sasa sauti ya pili mlimpa nani?"

Rebeccah alijibu kwa maneno mawili: "Hakuna mtu."

Februari mwaka huu Celine Aoko alirudi kwenye kazi yake ya kuchuma na kwenye benchi yake. "Siku ya kwanza niliingia vibaya, nikaharibu wimbo wote," anasimulia. "Huyu mama akasimamisha kwaya. Nikafikiri atanigombeza. Kumbe anacheka na machozi yanatoka."

Ukame wa nyimbo haujaisha kabisa. Mwezi wa Aprili Rebeccah alikaa wiki tatu bila kitu cha maana. Tofauti ni kwamba sasa haogopi. "Nilikuwa najua Jumapili inakuja, nitaketi na wenzangu, na kengele italia tu. Kuandika vibaya pamoja na watu si kama kunyamaza peke yako."

Darasa la Kedowa sasa lina watunzi tisa kutoka kwaya sita, na katika tamasha ya mwaka huu nyimbo nne kati ya tano bora zilianzia humo.

Mwezi uliopita wanawake wa kikundi kimoja kutoka Soin walimjia na ombi. Wamejichimbia kisima, kitafunguliwa Desemba, na walitaka awatungie wimbo wa kuteka maji. Aliwakatalia.

"Walishangaa, wakafikiri naringa," anasema. "Nikawaambia, kisima mmechimba wenyewe, na wimbo mtachimba wenyewe. Wakasema hakuna anayejua kutunga. Nikawauliza, mwaka jana nani alikuwa anajua kuchimba kisima?"

Jumapili ijayo, baada ya ibada, anateremka Soin kwa mkutano wao wa kwanza. Wanawake kumi na saba wameandikisha majina, na kila mmoja ameambiwa aje na kalamu.