Nondo za kijani zilizokwanguliwa

Nguo zangu bado ziko kwenye beseni chini ya tangi la maji.

Leo mchana nafua hapa nyumbani Bariadi, pande la zege likang'oka kwenye nguzo ya tangi, puu, ndani ya povu langu!
Nikatazama juu. Nondo imevimba kwa kutu, inapukutika kama ugoro.

Na tangi limejaa. Nimelijaza mwenyewe asubuhi.

Mayu, mama mkwe wangu, alikuwa amekaa palepale kivulini anachambua mlenda. Nilimvuta mkono mpaka kanga yake ikabaki chini.

Nikampigia fundi aliyejenga. Si tulimletea nondo za kijani, zile zilizopakwa rangi ya kuzuia kutu?

"Dada, ile rangi niliikwangua yote kwa msasa. Zege lisingeshika."
Tena anajisifu!
"Hata za roshani ya kanisa lenu kule Nkoma nilizikwangua hivyohivyo."

Jamani.

Shangazi yangu, mwanakwaya huko, karusha video sasa hivi. Kwaya nzima iko mazoezini juu ya roshani hiyo, wanaruka.

Nampigia, hapokei. Mchungaji naye hapokei.

Kama uko Nkoma, usinijibu hapa. Kimbia ukawashushe.