Kibuyu Nilichompa Rubani

Watu wa Isiolo hawachoki kunipongeza, nami nimechoka kupongezwa. Nikipita wanapouza maziwa, akina mama wananiita, "Maziwa ya ngamia ndio iliokoa wewe huko." Nawajibu ndiyo na kuongeza mwendo. Nilikuwa fundi wa helikopta jeshini. Helikopta yetu ilipoangushwa ng'ambo ya mpaka tulitoka hai wawili tu, mimi na rubani, na waliotuteka wakatutembeza siku nne kwa maji ya kulowesha ulimi.

Siku ya tano mlinzi mmoja, mtu wa mjini, alikuwa akihangaika na ngamia aliyemnyima maziwa. Mtu aliyekulia Kulamawe, kwa wafugaji wa ngamia, hawezi kuvumilia jambo hilo hata akiwa amefungwa kamba. Nikamwambia amlete ndama anyonye kwanza. Akanifungua mikono, akaniachia kazi yote. Kwa miezi saba nikawa mkamuaji wao, na maziwa ndiyo yaliyoniweka hai.

Kibuyu cha kwanza nilimpelekea rubani. Kwetu mgeni hupewa kabla ya wenyeji, tena kikiwa kimejaa pomoni. Kumpa nusu ni kumtukana. Yeye alikuwa mtu wa milimani, Meru, hajawahi kuyaonja. Akasita. Nikamtania, "Maliza, ndugu yangu, usiniaibishe." Akamaliza.

Kila mtoto wa kwetu anajua kwamba maziwa mabichi ya ngamia huendesha tumbo la asiyeyazoea. Walimu wageni wakija tunawacheka kwa hilo. Mimi nilijua, na bado nilimjazia mtu mwenye tumbo tupu, kwa kuwa nilifurahi mno kuwa na kitu cha kumpa. Najichukia kwa furaha ile. Aliendesha siku mbili, maji ya kumrudishia hayakuwepo, na siku ya tatu nikamzika.

Mwezi uliopita mama yake alishuka kutoka Meru kunitafuta. Mke wangu alimletea chai, hakuigusa.

"Kijana yangu, nataka kujua kitu moja tu. Alikufa na njaa? Kila nikipika nafikiria hiyo."

"Hapana, mama. Alikuwa ameshiba."

"Nani alimpa chakula?"

"Ni mimi."

Nilifungua kinywa niseme yaliyobaki. Lakini alikuwa ameshaishika mikono yangu yote miwili, anamwomba Mungu aibariki.