Mlango Unafungwa Saa Nane: Leokadia na Njia ya Kwenda Bunge la Ontario

Saa saba na nusu mchana, Jumapili ya mwezi wa nne mwaka 2014. Leokadia Mushobozi amesimama nje ya ukumbi mmoja wa Downsview, mtaa wa Toronto, Kanada, katikati ya maghala, akiangalia barabara ambayo haileti mtu.

Mlango ulio nyuma yake utafungwa saa nane kamili. Atakayekuwa ndani atapiga kura. Atakayekuwa nje, hata kama ameshika kitasa, arudi nyumbani.

Humo ndani wanachama wa chama chake wanamchagua atakayewania ubunge wa jimbo la Ontario, katika uchaguzi ambao kila mtu anasema uko karibu. Wagombea ni wawili. Kuna Leokadia, mhudumu katika nyumba ya kutunzia wazee, na kuna wakili mmoja wa koti la kijivu. Watu wa wakili walishuka kwenye mabasi matatu tangu saa sita, wakapanga foleni kama wanaokwenda kupokea komunyo.

Wanachama wa Leokadia wanapita mia tatu. Aliwaandikisha mwenyewe, mlango kwa mlango, kwenye maghorofa ya mtaa wa Jane na Finch. Mpaka sasa waliofika hawajazi hata benchi mbili, na mmoja wao ni Mzee Jalaludin, ambaye ni dereva wa kampeni na ilikuwa lazima aje.

"Mheshimiwa, watu wako wako wapi?" anauliza Chelagat, nesi kutoka Eldoret anayesimamia kampeni.

"Wanakuja."

"Wanakuja kutoka wapi, Bukoba?"

Chelagat ana simu mbili, moja kila sikio. Moja inapokelewa. Ni Mama Noorbanu, mzaliwa wa Mwanza, mkazi wa ghorofa ya kumi na nne katika jengo la Leokadia, na sauti yake inasikika mpaka upande wa pili wa barabara.

"Haraka ya nini, mwanangu? Leokadia kasema saa saba. Si maana yake saa tisa? Ndiyo kwanza naoga!"

Chelagat anamtazama mgombea wake.

Balaa hili lilianza zamani. Leokadia alifika Toronto kutoka Bukoba mwaka 2003, na baridi ya mwaka wa pili ikamkuta katika jengo la ghorofa ishirini lenye lifti mbili, zote mbovu. Mzee Jalaludin, jirani yake wakati huo, anaapa kwamba Leokadia alimbeba mgongoni mpaka ghorofa ya kumi na moja, na njiani akasimama mara moja tu, kumpa mtu pole.

"Mzee anaongeza chumvi," anasema Leokadia. "Nilibeba kikapu chake. Yeye alipanda kwa miguu yake, akilalamika njia nzima."

Kilichofuata hakina chumvi. Aligonga milango, akakusanya saini, akawapeleka wapangaji kwa wenye jengo wakiwa na makoti na watoto. Lifti zikatengenezwa. Majengo ya jirani yakamwita. Wanasiasa nao wakamnusa, na katika chaguzi mbili za jimbo, mwaka 2007 na 2011, aliwapigia kampeni wengine huku akifanya zamu za usiku.

"Wakishinda, wanakushukuru jukwaani," anasema. "Wakishuka, wanakuuliza, unaitwa nani vile?"

Tatizo lake kubwa halikuwa wanasiasa, lilikuwa saa. Akiitisha kikao saa kumi, watu huja saa kumi na mbili. Basi akabuni dawa: kikao cha saa kumi akakitangaza saa nane. Dawa ikafanya kazi mwaka mmoja, kisha watu wakaigundua. Tangu hapo jengo zima likawa na kitu kinachoitwa saa ya Leokadia. Unachukua aliyotaja, unaongeza mbili. Hata watoto wanaijua.

Safari hii alitaja saa ya kweli. Aliitaja kwenye kila mlango, na haikumjia akilini kwamba ukweli nao utaongezwa mbili.

"Nilikagua vitambulisho, anwani, hata nani ana mkongojo," anasema. "Saa sikuikagua."

Nje ya ukumbi, Mzee Jalaludin ameshawasha gari lake na kuondoka kwenda kuwachukua watu, kwa mwendo ambao umri wake haumruhusu. Chelagat ana wazo.

"Waambie lifti zinazimwa sasa hivi. Haki watashuka wote, hata wagonjwa."

"Hapana."

"Ni uongo kidogo tu! Wa saa umeusema miaka mingapi?"

"Wa saa, sawa. Wa lifti, sijawahi. Siku zikizimwa kweli nani ataniamini?"

Anaichukua simu mwenyewe. Kwa kawaida Leokadia huongea na Mama Noorbanu kwa kufoka, na Mama Noorbanu humfokea vilevile, na ndivyo wanavyopendana. Leo hafoki.

"Mama," anasema kwa sauti ya chini. "Njooni sasa hivi. Nawaomba." Anakata, kwa sababu machozi yako karibu.

Mama Noorbanu anaeleza kilichotokea upande wake. "Leokadia hajapata kuniomba kitu kwa upole. Nikasema, hapa kuna maiti."

Alitoka nywele zikichuruzika maji, akagonga milango. Kufikia ghorofa ya tisa, habari ilikuwa ni msiba. Kufikia ya tatu, marehemu alikuwa Leokadia mwenyewe, na hakuna aliyejiuliza marehemu alipigaje simu.

Kikao watu huja wanapojisikia. Msibani hawachelewi.

Zikiwa zimebaki dakika chache, magari yanaingia kwa fujo: gari la Mzee Jalaludin limejaa mpaka kwenye buti, teksi nyuma yake, na nyingine, na nyingine. Wanashuka wanawake waliojitanda khanga, wanaume wenye makoti meusi, mmoja na sufuria ya wali kichwani. Nyaboke, mfanya usafi wa ghorofa ya sita, anashuka akilia, mara anamwona.

"Leokadia! Kumbe uko hai?"

"Niko hai. Ingia ndani."

"Tumekuja kukuzika!"

"Nipigie kura kwanza."

Saa nane mlango unafungwa. Wengine wengi wamebaki nje, pamoja na Mama Noorbanu, aliyechelewa kwa kugonga milango ya wenzake. Anapiga kioo kwa pete yake. Msimamizi anatikisa kichwa. Leokadia anaona yote akiwa ndani, na hawezi kufanya lolote.

Kura zilihesabiwa mara mbili. Leokadia alishinda kwa kura kumi na tisa.

Sasa yuko kwenye likizo bila malipo, na hajui nafasi yake kazini itamsubiri mpaka lini. Akifika Queen's Park, lilipo bunge la jimbo, anasema, anataka sheria ya kwanza atakayoidai iwalazimishe wenye majengo kutengeneza lifti kwa wakati. Lakini kabla ya sheria kuna kampeni, na kabla ya kampeni kuna kikao. Amekitangaza Jumamosi, saa kumi. Kila mlango ameuambia hivyohivyo: saa kumi ya kweli, msiongeze.

Jumamosi imefika. Saa kumi kasorobo anapanga viti arobaini katika chumba cha chini cha jengo lao, mkabala na lifti. Saa kumi inagonga. Viti vyote vitupu. Chelagat anatoa simu zake mbili.

Lifti inafunguka. Mama Noorbanu anatoka peke yake, kavaa nyeusi, kashika bakuli.

"Nimewahi," anasema. "Maana bado sijui, kuna msiba au hakuna?"

"Hakuna, Mama. Kaa."

Mlango wa lifti unajifunga. Leokadia anafuata taa zake kwa macho: nne, saba, kumi na moja. Imesimama. Kuna mtu ameiita.