Mizani ya Pamba Kwenye Kiwanja cha Mama

Mama yangu hajui kukaa. Chai anainywa akitembea. Akipokea simu anaizunguka ndege, anagusa bawa, anapiga teke tairi, anazunguka tena. Mimi nimerithi hiyo hali, ila shuleni wanaiita utovu wa nidhamu.

Alirusha ndege za watu kwa miaka mingi kule Mwanza, shati jeupe, mistari mabegani. Siku moja akaacha kazi, akasema hata watu wa huku porini wana haraka zao. Akanunua ndege yake mwenyewe, kuukuu, injini moja, viti sita pamoja na cha kwake, akaileta kwenye kiwanja cha changarawe nje ya Runzewe. Wenzetu wakinunua ndege wanajenga na banda la kuiweka. Sisi tulinunua turubai. Watu wakamwita Mama Ndege, na mimi darasani nikawa Kifaranga. Niko kidato cha tatu sasa na jina bado halijaota manyoya.

Mwaka huu biashara ilikuwa inapumulia mashine. Bwana mmoja wa Arusha alikuja akaikagua ndege yetu kama ng'ombe wa mnadani, akaigonga ubavuni, akachungulia injini, akasema anaichukua. Mama akamwambia asubiri mwisho wa mwezi. Kulikuwa na kikundi cha wanunuzi wa dhahabu wa Geita na Bukombe waliotaka ndege ya kuwapeleka Mwanza kila wiki, nao walikubali safari moja ya kujaribu. Wakiridhika, ndege inabaki kwetu. Wasiporidhika, inakwenda Arusha na mama anarudi kuvaa mistari ya watu.

Likizo hiyo nilipewa kazi ya kupima abiria. Ndege ndogo haina mchezo: lazima rubani ajue uzito wa kila mtu na kila begi, ndipo ajue abebe watu wangapi na mafuta kiasi gani. Mizani mama alikuwa ameinunua karibuni kwa mnunuzi wa pamba aliyekuwa anafunga kituo chake, ile ya chuma ya kusimama juu, imara kabisa, ingebeba hata fahali. Mimi nasoma, naandika kwenye daftari, nampelekea mama.

Sasa nikiri. Siku ya kwanza tu nilijua mizani ile haiko sawa. Shuleni nilikuwa kilo arobaini na tisa, pale nikawa arobaini na tatu. Nikadhani ni mboga za mama. Kisha akaja sista mmoja kutoka Ushirombo, mtu wa mwili, nikamwambia, "Sista, hongera, maombi yamejibiwa." Akashuka anacheka, akapanda tena kuhakikisha, akanipa pipi mbili. Tangu hapo nilikuwa nawapongeza abiria wote. Watu wakawa wanapanda ndege na furaha yao. Kwa nini niharibu?

Kumbe ndege nayo ikaanza uvivu. Kila ikipaa inakula kiwanja kirefu kuliko juzi, mara nyingine inaachia ardhi karibu na vichaka vya mwisho, mbuzi wanatawanyika. Mama akasema ni injini. Akamwita fundi kutoka Mwanza, fundi akafungua, akafunga, akala ugali, akasema injini haina neno. Mama akazidi kutembea. Anasikiliza injini asubuhi, anaisikiliza mchana, anakuja kuniuliza mimi kama nasikia kitu. Nikamwambia nasikia njaa. Hakucheka.

Siku ya majaribio wanunuzi walifika saa nne, watano ndani ya gari moja, jua tayari kali. Mwenyekiti wao alikuwa mtu wa saa kubwa na maneno machache. Nyuma yake akaja mnene mmoja mwenye kofia ya pama.

"Mwangaluka, mayo," akamsalimia mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu."

Mimi nikawapa shikamoo zao, nikaanza kupima. Mnene alipopanda nikasoma, "Themanini na tatu. Hongera, baba."

Hakushuka. "Soma tena."

"Themanini na tatu."

"Wiki iliyopita zahanati wamenipima tisini na nne. Na jana nimekula mbuzi." Akainama, akaipapasa ile mizani. "Hii mmeitoa wapi?"

"Kwa mnunuzi wa pamba. Yule aliyefunga kituo."

"Gete gete, ndiyo yenyewe." Akawageukia wenzake. "Jamani, huyu mizani namjua. Kabla sijaingia kwenye dhahabu amekula pamba yangu misimu minne. Mke wangu aliwahi kumtemea mate hapa pembeni."

Wakacheka wote, na mimi nikacheka. Kisha nikaanza hesabu, ingawa mimi na hesabu hatupatani. Mtu mmoja kilo kumi na moja. Mara watano. Na mabegi yao. Na kila abiria niliyempongeza tangu likizo ianze. Injini haikuwa na kosa, maskini. Mama alikuwa anabeba watu ambao hawapo kwenye daftari.

Mwenyekiti akaangalia saa. "Tupande, jua linapanda."

Nikisema, wote watano hawataondoka pamoja, na yule mwenyekiti hakufanana na mtu wa kuachwa. Nikinyamaza, labda ndege ingepaa tu. Ila jana ilikuwa na abiria wanne na ilifika kwenye mbuzi. Mama alikuwa anaizunguka, mara ya nne.

"Mama."

"Nini?"

"Mizani inakula."

"Inakula nini?"

"Kilo. Nilijua tangu siku ya sista."

Akaigeukia mizani. "Leta saruji."

Tulikuwa tunajenga choo cha abiria, kulikuwa na mifuko haijafunguliwa. Nikaburuta mmoja. Mfuko umeandikwa kilo hamsini, mizani ikasema arobaini na nne. Mama akaushusha, akaurudisha kwa mikono yake. Arobaini na nne. Akasimama pale hatembei kabisa, na hilo lilinitisha kuliko kiboko.

Kisha akawaendea.

"Samahani. Mizani yangu ni ya uongo, nimeijua sasa hivi. Mafuta siwezi kupunguza. Nachukua watatu, wawili nitawarudia."

"Mama, sisi tumekuja watano," mwenyekiti akasema.

"Nimewaona."

"Na hizi siku zote ulikuwa unapaa vipi?"

"Kwa bahati."

"Sasa wewe mfanyabiashara gani, unamwambia mteja ulikuwa unabahatisha?"

"Ungependa nikwambie tukiwa juu?"

Mwenyekiti akaingia kwenye gari, akamwita mmoja akae mbele, wakaondoka kwenda Mwanza kwa barabara. Vumbi lao likatua kwenye daftari langu.

Mnene akabaki ameshika kofia. "Mimi kupimiwa ndiyo maisha yangu," akasema. "Sijamsikia hata siku moja mwenye mizani akisema mizani yake inaiba. Huwa wanakwambia pamba yako imekauka." Akatupa begi lake ndani. "Twende bwana, kabla hajakumbuka na uongo mwingine."

Walipaa watatu, na ndege ikaachia ardhi katikati ya kiwanja. Mbuzi hawakuinua hata kichwa. Mimi nikabaki natembea. Nilitembea kiwanja kizima kwenda na kurudi, nikapanga maneno ya kuomba msamaha, nikayapangua, nikayapanga ya kuchekesha, nayo nikayatupa.

Mama alirudi alasiri. Alipozima injini nilikuwa nimeshika mlango.

"Wamesemaje?"

"Mwenyekiti kapiga simu. Amesema basi, hataki tena."

"Na wale watatu?"

"Wanataka kila Alhamisi. Wao tu."

"Inatosha?"

"Haitoshi." Akavua miwani ya jua, akaifuta kwa shati. "Na wewe mdomo wako uniletee kila kitu, hata cha kuchekesha. Hasa cha kuchekesha."

"Ndiyo, mama."

Simu yake ikaita. Ilikuwa Arusha, na mwezi ulikuwa unaisha. Akaanza kutembea akiongea, mimi nyuma, mpaka akaninyooshea kidole nibaki hapo. Akaenda nayo mbali, hadi kwenye vichaka vya mwisho, nikawa sisikii neno. Niliuona tu mkono wake wa kushoto, ukikataa, ukikataa tena.